Kompyuta ya kuhariri video na kufufua picha: historia ya bomba jembamba

Mtu akishajua kwamba riziki yangu inatokana na kuandika programu, swali la pili huwa la ununuzi: ninunue kompyuta gani? Siku hizi swali hilo linakuja na mkia mrefu. Nina kanda za harusi ya wazazi. Nina sanduku la picha za babu na ukungu umeanza kuzila. Nataka kuziingiza zote kwenye kompyuta, nizisafishe, nikate yasiyofaa, halafu niwagawie ndugu. Muuzaji kaniambia nichukue ile yenye prosesa kali kuliko zote dukani. Ni kweli?

Jibu fupi ni kwamba muuzaji ameanzia mkiani. Jibu refu linadai historia kidogo, kwa hiyo jimiminie chai tukae. (Kuhusu jina: walimu wetu wanasema tarakilishi, mimi nasema kompyuta, na fundi wa Luthuli Avenue anasema mashine. Sote tunaelewana. Tuendelee.)

Hoja yangu ni hii. Kwa sehemu kubwa ya historia yake, kompyuta ya kuhariri video nyumbani haikukwama kwa sababu ya prosesa. Ilikwama kwenye bomba: picha itaingilia wapi, italala wapi, na itasafiri kwa kasi gani kutoka hapa hadi pale. Prosesa ni pampu. Ukiwa na pampu kubwa na bomba la unene wa kalamu, utangoja ndoo ijae mpaka jioni. Na leo, wakati pampu zimekuwa kubwa kupita kiasi, bomba moja muhimu limeondolewa kimyakimya, na hilo ndilo linalotishia zile kanda zako.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu hadithi hii inageuka ushabiki wa majina ya makampuni. Televisheni ya Kenya ilirithi mfumo wa PAL, unaoonyesha fremu 25 kila sekunde. Picha hiyo ikigeuzwa kuwa tarakimu kwa kipimo kilichozoeleka, kila fremu ina pikseli 720 kwa 576. Ipe kila pikseli baiti 2. Sekunde moja tu inakula megabaiti 20.7, na dakika moja inavuka gigabaiti 1.2. Sasa rudi mwaka 1990, wakati kompyuta ya mezani yenye diski kuu ya megabaiti 80 ilikuwa mali ya kujivunia. Diski nzima, ikiwa tupu, ingebeba chini ya sekunde 4 za harusi. Bibi harusi hajashuka hata kwenye gari! Na hapo hatujataja kasi. Diski hiyo iliandika megabaiti moja hivi kwa sekunde, ilhali picha inamiminika kwa megabaiti 20.

Ndiyo maana werevu wa kwanza ulikuwa ni kutoiingiza picha kwenye kompyuta kabisa. Desemba 1990 kampuni ya NewTek ya mji wa Topeka, Kansas, ilianza kuuza Video Toaster, kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta ya Commodore Amiga 2000. Picha ilipita tu: inatoka kwenye deki moja, kadi inaipaka maandishi na madoido, inatoka upande wa pili kwenda kurekodiwa kwenye deki nyingine. Kompyuta ikawa polisi wa trafiki. Magari yanapita mbele yake, hayalali kwake. Kwa bei ya chini ya dola 2,500 mtu alipata chumbani kwake kazi ambayo hapo awali ilitaka mitambo ya makumi ya maelfu ya dola. Programu yake ya michoro, LightWave, ndiyo iliyotumika kutengeneza vyombo vya anga vya filamu ya televisheni ya Babylon 5 mwaka 1993.

Lakini kwetu? Wapi! Kadi ile ilijengwa kuzunguka mawimbi ya NTSC, mfumo wa Marekani, na toleo lake la PAL kwa Amiga halikuja kamwe. Commodore yenyewe ilifilisika Aprili 1994. Kwa hiyo ile mapinduzi inayosimuliwa kwenye vitabu vya Wamarekani ilitupita kando, na harusi za Nairobi, Mombasa na Kisumu ziliendelea kuhaririwa kwa deki mbili, waya mmoja, na kidole juu ya kitufe cha kusimamisha.

Hapa niruhusu nichelewe kidogo, kwa sababu jambo hili lina maana kwa mtu mwenye kanda leo. Kuhariri kwa deki mbili ni kunakili. Kanda ya kwanza, ile iliyokuwa ndani ya kamera kubwa ya begani, ndiyo yenye picha safi. Ile iliyohaririwa ni nakala yake. Ile waliyopewa wazazi ni nakala ya nakala, na ile aliyoazimwa shangazi akanakilisha ni kizazi cha nne. Katika VHS kila kizazi hupoteza: kingo zinayeyuka, rangi nyekundu inavuja nje ya nguo, picha inaanza kutetemeka juu. Hakuna kompyuta duniani inayoweza kurudisha kilichopotea kati ya kizazi cha kwanza na cha nne. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi moja kununua mashine, piga simu. Uliza ni nani alipiga video ile, na kama kanda mama bado ziko kwake chini ya kitanda. Simu hiyo ina thamani kuliko prosesa yoyote.

Wakubwa wa Marekani walikuwa na njia nyingine. Mwaka 1989 kampuni ya Avid ilionyesha mfumo wake uliojengwa juu ya Macintosh II. Walikubali ukweli wa bomba jembamba: wakaingiza picha mbovu, iliyobanwa sana, mhariri akaikata na kuipanga kadiri apendavyo, halafu orodha ya mikato ikapelekwa kwenye mitambo mikubwa ili kanda halisi zikatwe kwa mujibu wake. Weka wazo hili akilini, tutalikuta tena. Desemba 1991 Apple ilitoa QuickTime, na kompyuta ya kawaida ikacheza video bila kadi maalumu, ila kwenye kidirisha cha pikseli 160 kwa 120, karibu ukubwa wa stempu. Mwezi huohuo Adobe ilitoa Premiere, iliyoandikwa na Randy Ubillos, mtu yuleyule ambaye baadaye alianzisha Final Cut Pro. Stempu ile watu waliicheka. Walioicheka hawakuona kwamba kwa mara ya kwanza video ilikuwa faili tu, kama barua.

Matatizo ya miaka ile yangemshangaza kijana wa leo. Diski za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilisimama kila baada ya muda kujipima upya kwa sababu chuma hutanuka kikipata joto. Ukiandika barua hutambui. Ukirekodi video, kisimamo kile kinakula fremu, na mdomo wa mchungaji hauendi tena na sauti yake. Watengenezaji wakaanza kuuza diski ghali zaidi ambazo ziliahirisha kujipima mpaka kazi iishe. Bomba tena!

Picha za kawaida zilikuwa na safari yake, na shida yake haikuwa bomba bali meza. Thomas Knoll, mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Michigan, alianza mwaka 1987 kuandika programu ya kuonyesha picha za kijivu kwenye Macintosh Plus. Ndugu yake John, aliyekuwa akifanya kazi Industrial Light & Magic, akaona kilichomo ndani yake. Adobe ikaichukua, na Februari 1990 Photoshop 1.0 ikatoka. Muhuri wa kunakili, ule wa kuchukua ngozi safi ya shavu na kuibandika juu ya mkwaruzo, ulikuwamo tangu mwanzo. Lakini ungeweza kutengua kitendo kimoja tu, cha mwisho. Ukigundua kwamba umeharibu jicho hatua tano nyuma, pole. Orodha ya hatua za kurudi nyuma ilikuja na Photoshop 5.0 mwaka 1998.

Nimesema shida ilikuwa meza, yaani kumbukumbu. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ukiipitisha kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi, inakuwa megabaiti 25. Fremu moja ya filamu ya 35mm kwa nukta 4,000 kwa inchi ni megabaiti 64, na ukitaka rangi za biti 16 zinakuwa 128. Programu inataka nafasi ya picha yenyewe, na nakala ya kabla, na matabaka. Kanuni ya zamani ilikuwa kumbukumbu mara 3 hadi 5 ya ukubwa wa picha. Kompyuta za mwanzo wa miaka ya 1990 zilikuwa na megabaiti chache tu, kwa hiyo Photoshop ilikata picha vipande na kuvihamishia diskini, na wewe ulikaa ukisikiliza diski ikikoroma. Leo kompyuta ya gigabaiti 16 inameza picha hizo bila kupepesa. Kwa upande wa kufufua picha za karatasi, nasema wazi, swali la kompyuta lilikwisha jibiwa zamani. Pesa zako zipeleke kwenye skana nzuri na kioo kisichodanganya rangi.

Ila skana nayo ina hadithi inayotuhusu. Mwaka 1998 Nikon ilitoa skana ya filamu, Coolscan LS-2000, yenye ufundi wa Digital ICE kutoka kampuni ya Applied Science Fiction ya Texas. Ilikuwa akili ya ajabu: mwanga wa infraredi hupenya rangi za filamu bila kuzuiwa, lakini vumbi na mikwaruzo huuzuia. Skana inapata ramani ya uchafu, programu inaziba penye uchafu tu. Watu walidhani kazi ya mikono imekwisha. Kumbe filamu ya jadi nyeusi na nyeupe haina rangi hizo, ina chembe za fedha, na fedha nayo huuzuia mwanga ule. Skana inaona picha nzima ni vumbi! Na hazina ya familia nyingi za kwetu ni nyeusi na nyeupe: picha za studio za miaka ya 1960, kama zile zilizopigwa Parekh Studio ya Mombasa au Bakor Studio ya Lamu, mara nyingi karatasi tu, negativu haijulikani ilipo. Kwa hizo kazi ilibaki, na imebaki, ya mkono. Msaada mkubwa ulikuja na Photoshop 7.0 mwaka 2002, brashi ya kuponya, inayochukua umbile la mahali pazuri lakini ikaacha mwanga na rangi ya mahali palipoharibika. GIMP, ambayo ni ya bure, iliipata ya kwake katika toleo la 2.4 mwaka 2007. Ukiwa na saa mbili na mkono uliotulia, GIMP inakutosha.

(Neno la pembeni kwa wenye albamu zile za kurasa za gundi na plastiki: picha ikigoma kutoka, usiing'oe. Weka ukurasa wote kwenye skana kama ulivyo.)

Turudi kwenye video, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 1995 yalitokea mawili. Makampuni makubwa ya kamera yalianza kuuza kamera za DV, na Sony ikatoa DCR-VX1000 yenye tundu la FireWire. Mwaka huohuo FireWire, iliyozaliwa Apple, ikawa kipimo rasmi kwa jina la IEEE 1394. Siri ya DV ni kwamba kamera yenyewe ndiyo inayobana picha, mara 5, fremu kwa fremu, na kuiandika kwenye kanda ikiwa tarakimu tayari. Ukichomeka waya, kompyuta haitafsiri chochote. Inapokea tu megabaiti 3.6 kila sekunde, inaziandika kama zilivyo, basi. Nakala ya kumi ni sawasawa na ya kwanza. Kile kizazi cha nne cha shangazi kikafutika siku moja.

Ona maana yake kwa ununuzi. Oktoba 1999 Apple ilitoa iMac DV pamoja na iMovie: prosesa ya megahezi 400, kumbukumbu ya megabaiti 64, diski ya gigabaiti 10, kwa dola 1,299. Kwa macho ya leo hiyo ni saa ya mkononi. Lakini ilihariri video yenye ubora ambao miaka kumi kabla ulitaka mitambo ya kituo cha televisheni, kwa sababu bomba lilikuwa sawa na mzigo. Kilichoisha haraka ni nafasi. Saa moja ya DV ni gigabaiti 13, kwa hiyo diski ile, hata ukiitoa mfumo endeshi na kila kitu, haikubeba kanda moja ya saa nzima.

Upande wa Windows tulikuwa na vikwazo vyetu. Windows 98 ilikuwa na kisanduku kidogo cha DMA ndani ya mipangilio ya diski. Kisipotiwa alama, prosesa inabeba kila baiti kwa mkono na fremu zinadondoka, na watu wengi walinunua prosesa mpya wakati walihitaji kubofya mara moja. Mfumo wa FAT32 haukubali faili inayozidi gigabaiti 4, yaani DV chini ya dakika 20. Hotuba ya mzee wa ukoo haiishi kwa dakika 20. Windows Me ilileta Movie Maker mwaka 2000, lakini ni Windows XP ya Oktoba 2001, ikiwa na NTFS, iliyokuruhusu kurekodi kanda nzima bila kukatwa.

Hapo ndipo kompyuta za mtumba zilipopata heshima. Pentium III iliyostaafu ofisini Ulaya, ukiichomekea kadi ya FireWire na diski ya pili, ilikuwa na kila ilichohitaji kuhariri DV. Diski ya pili haikuwa anasa: moja ibebe mfumo endeshi, nyingine ipokee video bila kusumbuliwa. Watengenezaji wa filamu za River Road, wale wa Riverwood, waliuza kazi zao kwenye VCD, yaani pikseli 352 kwa 288 tu, na soko halikulalamika. Prosesa ilionekana umuhimu wake mwishoni, wakati wa kubana filamu kuwa VCD. Unaiacha usiku kucha na kuomba umeme usipotee.

Halafu hesabu ikapinduka. Mwaka 2003 likaja HDV, likitumia kanda zilezile za MiniDV na mkondo uleule wa megabiti 25 kwa sekunde, lakini kwa picha ya pikseli 1,440 kwa 1,080, karibu mara 4 ya ile ya PAL. Mwaka 2006 Sony na Panasonic wakatangaza AVCHD, inayobana zaidi. Wanawezaje? Hawaandiki tena kila fremu kamili. Wanaandika moja kamili, na kwa zinazofuata wanaandika kilichobadilika tu. Faili inakuwa ndogo, bomba linapumua, lakini ukitaka kukata fremu ya saba kompyuta lazima iijenge upya kutokana na jirani zake. Sasa pampu ndiyo inayolia. Mashine iliyokimbia na DV ilikwama kabisa na AVCHD, na watu wakarudia werevu wa Avid wa 1989: tengeneza nakala nyepesi, hariri hiyo, kisha rudisha mikato kwenye picha halisi. Nafuu ilianza Januari 2011, Intel ilipoweka ndani ya prosesa zake sehemu maalumu ya kazi hiyo, Quick Sync.

Kwa hiyo yule muuzaji hakutunga. Ushauri wake ulikuwa sahihi kabisa kati ya 2006 na 2011 hivi. Ni ushauri uliobaki dukani baada ya wakati wake kupita. Leo kompyuta ya wastani yenye gigabaiti 16 za kumbukumbu, diski ya SSD na sehemu maalumu ya kufungua H.264 na HEVC inahariri video ya simu bila kutoka jasho. Kwa kanda za zamani, ambazo ni nyepesi kuliko video ya simu yako, nguvu hiyo ni ziada tupu.

Kilichokosekana ni tundu. Mac ya mwisho kuwa na FireWire ndani yake, MacBook Pro ya inchi 13 ya mwaka 2012, iliacha kuuzwa Oktoba 2016. Baada ya hapo watu waliunganisha vibadilishi vitatu mfululizo kama treni ya mizigo, na ilifanya kazi, mpaka macOS 26 ya mwaka 2025 ilipoondoa FireWire kabisa. Kompyuta mpya ya bei ya gari haiwezi kupokea kanda ya MiniDV ambayo iMac ya 1999 iliipokea kwa waya mmoja. Na usidanganywe na tundu la USB lililo kwenye kamera hizo. Kwa nyingi lilikuwa la kutolea picha za kadi ya kumbukumbu au video hafifu, DV kamili haipiti hapo.

Kwa VHS hali ni tofauti lakini si bora. Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho wa deki za VHS, alifunga kazi hiyo Julai 2016. Deki zilizopo ndizo hizo, na vichwa vyao vinalika. Vibadilishi vya bei rahisi vya USB vinaingiza picha, ila mawimbi ya VHS hayatulii, na kifaa kikichanganyikiwa kinadondosha fremu na sauti inatangulia. Njia ninayoipenda ni kupitishia VHS ndani ya kamera ya DV au Digital8 yenye uwezo wa kupokea mawimbi kutoka nje na kuyatoa FireWire. Hapa kuna mtego wa kodi! Kamera zilizouzwa Ulaya mara nyingi zilifungwa kiwandani zisipokee chochote, kwa sababu inayopokea ilihesabiwa forodhani kuwa kinasa video na kutozwa zaidi. Kamera nyingi za PAL zilizotufikia zimepitia huko. Jaribu kabla ya kulipa.

Basi ukiniuliza mimi, nitakwambia ununue mashine mbili, na ya kwanza iwe kuukuu. Tafuta kompyuta ya mezani ya kati ya 2006 na 2012, yenye FireWire au nafasi ya kuichomekea kadi. Iwekee Linux na programu ndogo iitwayo dvgrab. Haihitaji intaneti, haihitaji uzuri, kazi yake ni kuvuta kanda na kuziandika diskini. Takashi Sakamoto, anayetunza sehemu ya FireWire katika Linux, alitangaza mpango wa kuitunza hadi 2029. Una muda, lakini si wa kuchezea. Mashine ya pili ni hiyo ya wastani niliyoitaja juu. Faili za DV zihifadhi kama zilivyotoka, kwenye diski mbili zilizo nyumba mbili, na uhariri nakala.

Jambo moja linaweza kukufanya utake kadi ya picha ya nguvu, nalo ni programu za akili bandia za kufufua nyuso, kama GFPGAN ya mwaka 2021 na wenzake waliofuata. Nimezitumia. Kwa kutuliza chembechembe za kanda zinasaidia. Kwa uso wa babu uliofifia, nina wasiwasi nazo. Programu haioni uso ule, inaona ukungu, halafu inaweka uso unaoelekea kufanana kutokana na maelfu ya nyuso za watu wengine ilizofunzwa. Haijui tofauti kati ya mkwaruzo wa karatasi na kovu, wala kati ya doa la maji na chale za usoni. Inasafisha vyote. Picha inatoka inang'aa, wajukuu wanafurahi, na bibi anaitazama kwa muda, kisha anauliza huyu ni nani. Ukitaka kuzitumia, andika kwenye jina la faili kwamba ni ya kubuniwa, na ile yenye ukungu iweke pembeni yake.

Nafasi si tatizo tena. Kanda 20 za saa moja ni gigabaiti 260, diski ya kawaida ya nje inazibeba na kubaki na nafasi. Muda ndio haujabadilika: kanda huingia kwa mwendo wake, saa kwa saa, kwa hiyo kanda 20 ni saa 20 za kukaa karibu na kamera, hata kompyuta yako ikiwa ya bei gani. Anza na zile zilizoandikwa majina ya watu ambao hawapo tena.